Siku Batuli Alipofua Katapila

Batuli binti Asmani alikuwa ameshika chuma cha kulehemia alipoletewa habari kwamba mdogo wake amefungwa. Ilikuwa bahati ya aliyeileta habari hiyo kwamba chuma kilikuwa kimeanza kupoa.

"Wamemtia Aruna kasho," alisema jirani yake Kulthumu, akiwa bado mlangoni. "Wanasema ameua katapila."

"Nani anasema?"

"Lukeba, msimamizi wake wa kambini. Anasema ametia mchanga ndani ya maji ya mashini, kusudi uwanja usiishe."

"Aruna? Aruna ambaye kuku akimdonoa anaomba samahani yeye?"

"Miye sijui, dada. Miye nimeleta tu."

Ilikuwa Jumamosi, juma moja kabla ya tarehe mosi Julai 1962, siku ambayo Burundi ingejitawala. Rumonge nzima ilikuwa inapaka chokaa. Uwanja wa sherehe, kati ya soko na ziwa, ulikuwa bado na vichuguu upande mmoja na visiki vya michikichi upande wa pili. Mashine pekee ya kuusawazisha ilikuwa lile katapila kuukuu la kambi ya barabara, lililoachwa na Wabelgiji kwa sababu halikustahili gharama ya kulihamisha. Dereva wake alikuwa Aruna. Sasa katapila lilikuwa limezimika katikati ya uwanja, kisu chake kikiwa kimeng'ang'ania kichuguu, na dereva alikuwa ndani ya chumba chenye dirisha moja nyuma ya kituo cha polisi.

Batuli alifunga kitambaa kichwani na kutoka. Hakuvaa viatu.

Mtaani walimwita Karabai. Jina hilo lilitokana na kazi yake, maana alitengeneza zile taa za pampu ambazo wavuvi huzitundika kwenye mitumbwi kuwaita ndagala, wale dagaa wa ziwani. Lilitokana pia na tabia yake. Karabai ukiipampu hufoka kwanza, kisha huangaza mtaa mzima, hata wale ambao hawakutaka kuonekana. Baba yake, mzee Asmani, alikuja kutoka Ujiji na sanduku la vyombo vya fundi bati. Mungu alimpa binti, kisha akakaa miaka kumi bila kumpa mtoto mwingine, kwa hiyo mivukuto ikamwangukia binti. Aruna alipozaliwa, Batuli alikuwa tayari anaziba tundu la tangi la taa kwa lehemu ndogo kuliko ya baba yake, na kiungo kikawa imara zaidi. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyemlea. Aliolewa mara mbili na mara mbili akarudi. Mume wa kwanza alilalamikia harufu ya nishadiri ya kulehemia kwenye nywele zake. Wa pili alilalamikia mdomo wake. Yeye hakuwalalamikia wote wawili. Alisema tu kwamba hakuna kati yao aliyejua kushika kitu cha moto.

Kwa ajili ya Aruna alisimama asubuhi tatu mfululizo mbele ya mlango wa fundi wa Kibelgiji wa kambi, mpaka yule mzungu akachoka kumwona na kumchukua kijana apake grisi minyororo ya katapila. Miaka sita baadaye Aruna aliketi juu ya kiti cha dereva.

Polisi wa zamu alimruhusu kusimama dirishani kwa sababu taa ya kituo ilikuwa inatengenezwa na yeye. Aruna alikuja karibu. Mkono wake wa kulia na kifua vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Wamekupaka nini?"

"Hakuna kitu."

"Daktari amekuja?"

"Dada, usipige kelele."

"Sijaanza."

Aruna alimweleza kwa sauti ya chini. Katapila lilianza kuchemka tangu mwezi wa tano. Alibadilisha mkanda wa feni. Mipira ya maji aliifunga kwa vipande vya chubu ya baiskeli. Alifungua pampu na kuirudisha. Halikupona. Siku hiyo lilipanda joto hadi likatoa mlio kama birika, naye alipofungua kifuniko cha radiateri, lile sanduku la mirija linalopoza maji ya injini, maji yalimrukia.

"Nilikuwa namwambia Lukeba kila juma. Anasema ongeza maji. Naongeza. Kila nikiongeza, linachemka zaidi."

"Umewaambia hivyo hawa?"

"Nimewaambia linachemka."

"Umewaambia kwamba Lukeba alijua?"

Aruna alitazama sakafu. "Lukeba ni mukubwa wangu wa kazi."

"Mukubwa wako!" Polisi aligeuka. Batuli hakupunguza sauti. "Mukubwa wako amekaa kivulini anakunywa, na wewe umechubuka kama ndizi ya kuchoma. Utampelekea salamu kutoka gerezani?"

"Alhamisi, mama," polisi alisema, bila ubaya. "Lori linapita Alhamisi. Atapelekwa mjini Usumbura. Hii si kesi ya hapa. Kuharibu mashini ya serikali juma la uhuru, wanasema ni siasa."

Batuli alikwenda kulala nyumbani kwa Aruna akiwa amesaga meno mpaka taya likamuuma. Siasa! Watu wa mtaa wake walikuwa wameimba uhuru mpaka sauti zikawakauka, wakati hao wanaovaa suti leo walikuwa bado wanamvulia mzungu kofia.

Asubuhi ya Jumapili alimkuta wifi yake, Mwanahamisi, ameinamia beseni na kulia juu ya shati.

"Nimelifua mara tatu," Mwanahamisi alisema. "Linakataa. Nilitaka akipelekwa, angalau awe na shati safi."

"Hapelekwi popote. Lete hapa."

Batuli alilitandaza shati juu ya goti. Pale kifuani, mahali maji ya moto yalipompiga, palikuwa na doa kubwa la rangi ya chungwa lenye ukingo wa njano. Alilinusa. Hakuna mwanamke wa Rumonge asiyelijua doa lile, na hakuna ambaye hajaharibiwa nguo nalo.

"Jana alikula nini kazini?"

"Mihogo ya kuchoma. Mikavu."

"Hakujimwagia mchuzi?"

"Mchuzi wa wapi, wifi? Mimi ndiye nilimfungia chakula."

"Basi niambie mawese yamefikaje ndani ya katapila."

Hakungoja jibu. Alikwenda kambini. Mlinzi, Cikuru, mtu mzima aliyevuka kutoka Kivu ya Kusini akitafuta kazi, alikuwa ameketi juu ya tairi akishona ndala yake. Nyuma yake, chini ya kibanda, yalisimama mapipa matatu meusi. Batuli alipitisha kidole kwenye mdomo wa pipa la kwanza, kidole kikarudi kimeng'aa.

"Haya ni mapipa ya mawese ya kule mlimani Kizuka."

"Yalikuwa. Sasa iko ya maji ya mashini. Lukeba aliyaosha."

"Aliyaosha na nini?"

"Na maji."

"Ya moto?"

"Hapana, dada. Ya mtoni."

Batuli alicheka, kicheko kibaya. Kuosha mawese kwa maji baridi! Mtoto wa kike wa miaka sita angepigwa kofi kwa kosa hilo. Kwa hiyo miezi miwili Lukeba alikuwa analinywesha katapila mafuta na mashapo yake. Yalichanganyika na kutu yakawa uji, uji ukaziba mirija, na kila Aruna alipolalamika aliambiwa aongeze, naye akaongeza kutoka pipa lilelile.

Wakati wa Wabelgiji haikuwa hivyo. Maji ya ziwa yalikatazwa kwa sababu huacha ukoko mweupe kama kwenye birika. Yalichotwa ya mto, yakawekwa katika mapipa matatu yenye mkanda wa rangi ya bluu kiunoni, na hakuna aliyethubutu kutia kitu kingine humo.

"Na yale mapipa ya bluu yako wapi?" aliuliza.

Cikuru alimtazama. Kisha alianza kucheka mpaka akakohoa.

"Dada Karabai! Unaniuliza miye? Si wewe ulikuja kuyakamata na mukokoteni mwezi wa nne? Hata nilikusaidia kuyapandisha. Muniambie na miye yako wapi!"

Batuli alisimama palepale. Aliyaona mapipa yale akilini: mazima, bati nene, bila kutu. Lukeba alipomuuzia alimwambia ni takataka za kambi. Pipa zima halitupwi na mtu, na fundi bati analijua hilo kuliko yeyote. Hakumuuliza Lukeba swali hata moja, kwa sababu hakutaka kujibiwa. Aliyakata siku mbili, akatengeneza mbabula tisa, majiko ya makaa mazuri kuliko yote aliyowahi kuuza. Mkanda wa bluu aliusugua kwa mchanga, lakini haukutoka wote.

"Umenyamaza," Cikuru alisema. "Leo jua litatokea Kongo."

"Cikuru, ukiitwa utasema uliyoniambia?"

Mlinzi aliacha kucheka. Alivuta uzi wa ndala kwa meno. "Nikiitwa nitasema nilipandisha mapipa. Sitasema nani aliuza. Nina watoto."

"Kila mtu ana watoto! Ndiyo maana hatuna wanaume!"

Njia nzima aliwatukana. Alimtukana Lukeba na ukoo wake. Alimtukana Cikuru, akamtukana Aruna kwa upole wake. Alipofika kwenye kona ya msikiti matusi yalikuwa yamebaki na mtu mmoja tu wa kuyapokea, naye alikuwa yeye. Aliingia moja kwa moja jikoni kwa Kulthumu, akashika sufuria kwa pindo la kitenge na kuitua chini.

"We Batuli! Maharage yangu!"

"Nataka mbabula."

"Ina moto! Na niliinunua kwako, umesahau? Umekuja kunidai kitu nilicholipa?"

"Nitakutengenezea nyingine mbili."

"Maharage hayaivi kwa mbili za kesho!"

Lakini Batuli alikuwa ameshamwaga makaa uani na kutoka na jiko mkononi, linafuka. Kwenye tumbo lake ulionekana mstari wa bluu, upana wa vidole vitatu.

Jumatatu aliliweka jiko hilo juu ya meza ya komanda wa polisi. Kando ya komanda aliketi mzee Abdulhamid, mfanyabiashara wa vitenge na mwenyekiti wa kamati ya sherehe, aliyekuwa rafiki wa baba yake. Batuli alieleza yote, ya mawese na ya mapipa. Hakuacha sehemu yake.

"Kwa hiyo umenunua mali ya serikali," komanda alisema.

"Ndiyo. Niandike. Lakini andika kwanza aliyeuza."

"Mwanangu Batuli," mzee Abdulhamid aliingilia, akipapasa hewa kwa viganja kama anayetuliza ng'ombe. "Punguza. Wakubwa wanakuja kutoka Usumbura. Wanatutazama sisi Waswahili. Ikisikika kwamba wageni tunagombana juu ya mashini, juma hili..."

"Mgeni ni nani, baba? Kitovu changu kimezikwa nyuma ya msikiti. Chako umekizika wapi, dukani?"

"Astaghfirullah."

"Unaogopa tusisemwe, na kijana wa Asmani anaoza kifua. Baba angekuwa hai, ungemtazama machoni?"

Komanda aligeuza jiko, akakwaruza mstari wa bluu kwa ukucha. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na uwanja wa kumaliza na hakuwa na mashine.

"Ushahidi wa doa la shati siwezi kuupeleka popote," alisema. "Lukeba anasema mchanga, wewe unasema mafuta. Lifungue. Kama ni mafuta tutaona, na kama litafanya kazi bila kuchemka, ndugu yako habebwi Alhamisi. Una mpaka Jumatano jioni. Karatasi yako wewe itangoja."

"Na daktari?"

"Nini?"

"Daktari. Wa kifua chake. Leo."

Komanda alimtazama, kisha akamwita polisi na kumtuma kwenye zahanati.

Kuondoa mafuta ndani ya mirija myembamba kama unyasi si kazi ya chuma wala nyundo. Jumanne Batuli alipanda Kizuka kwa mguu kumwona Généreuse, mwanamke mpana aliyepika sabuni ya mawese chini ya michikichi yake, na ambaye masufuria yake yalizibwa na Batuli kila mwaka.

"Amahoro, Karabai. Umekuja kunigombeza au kunitembelea?"

"Nataka maji ya majivu."

Généreuse alikuwa na mitungi mizima ya maji hayo. Huchoma vikonyo vya chikichi, hukusanya majivu, huyachuja kwa maji moto, na maji yanayotoka hugeuza mafuta kuwa sabuni.

"Unataka kuanza sabuni? Utanikosesha wateja."

"Nataka kufulia katapila."

Généreuse aliweka mwiko chini. Alisikiliza hadithi yote bila kupepesa, kisha akanyofoa unyoya wa kuku uliokuwa ardhini na kuuchovya mtungini. Unyoya ulilegea, ukayeyuka kama sukari.

"Unaona? Haya ni makali. Yatakula mafuta, na yakishiba mafuta yatakula lehemu yako. Ongeza maji mpaka unyoya upinde tu, usiyeyuke. Hapo unaweza kuyaacha ndani."

"Nikulipe nini?"

"Nenda, mama. Yule Lukeba ndiye aliyechukua mapipa yangu matatu, akasema ya kambi. Mpaka leo namtazama njiani anatazama ndege."

Siku ya Jumatano, jua likiwa halijapanda sana, Batuli aliwasha mbabula nne alizoazima kwa majirani, kando ya katapila. Zote zilikuwa na mstari wa bluu, na aliyekuwa na macho aliona. Watu walianza kujikusanya. Lukeba alikuja na kofia yake ya kijani na kalamu mbili mfukoni.

"Tazameni!" aliwaambia watu. "Wabelgiji walileta mafundi kutoka Ulaya. Sisi tumeleta mfuaji. Mama Karabai, ukimaliza utaanika wapi?"

Watu walicheka. Batuli alikuwa chini ya radiateri, anafungua koki, na maji machafu yalikuwa yanamwagikia kiwiko.

"Nitaanika juu ya kichwa chako, kipo kitupu," alijibu bila kutoka, na sasa kicheko kilikuwa kikubwa zaidi.

Alifunga koki, akamimina maji ya majivu yanayotoa mvuke, kata kwa kata, mpaka yakafika shingoni. Cikuru, ambaye alisema ana watoto, alikuja na kuzungusha mpini wa kuwashia injini bila kuombwa. Injini iliunguruma taratibu. Batuli aliweka kiganja chake juu ya mpira wa juu, kisha juu ya mpira wa chini. Wa juu ulikuwa moto. Wa chini ulikuwa baridi kabisa: hakuna kilichokuwa kinapita.

Walingoja. Hakuna kilichobadilika, na Lukeba alianza kupiga miluzi. Batuli hakuondoa kiganja. Kisha kitu kilitetemeka ndani ya mpira wa chini, mara moja, kama mtu anayemeza. Ukawa vuguvugu. Ukawa moto.

"Zima!"

Alifungua koki. Kwanza lilitoka povu kidogo. Halafu radiateri ikatapika: tope la rangi ya chungwa, nyuzi za chikichi, kutu, na nyuma yake povu zito la njano lililotambaa juu ya vumbi mpaka kwenye miguu ya watu. Kulthumu aliinama, akachota kidogo, akasugua pindo la kanga yake.

"Sabuni!" alipiga kelele. "Wallahi, ni sabuni! Njooni mfue!"

Wanawake waliingia wakicheka. Komanda naye alichukua povu kwa vidole viwili, akalisugua. Mchanga haukuwemo. Alimtazama Lukeba, na Lukeba akatazama ndege.

Batuli alisuuza mara tatu kwa maji ya mto. Mara ya tatu Lukeba alipaza sauti. "Inavuja! Ameitoboa! Nilisema mimi!"

Ni kweli ilivuja. Uchafu uliotoka ndio uliokuwa umeziba mrija mmoja uliooza, na sasa maji yalidondoka katikati ya mapezi yake ya bati. Kwa fundi wa magari hiyo ingekuwa radiateri ya kutupa. Kwa fundi wa taa ilikuwa tundu. Batuli alipanua mapezi kwa ncha ya kisu, akaukata mrija ule, akabana ncha zake mbili kwa koleo, akapaka nishadiri, na akatia tone la lehemu juu na tone chini. Mrija mmoja alikuwa ameuua. Iliyobaki ingefanya kazi.

"Imekwisha," alisema. "Leteni dereva."

"Dereva yuko kasho," Lukeba alisema.

"Basi endesha wewe."

Lukeba hakujua kuendesha. Watu wote walijua kwamba hajui. Komanda alimtuma polisi.

Aruna alikuja na bendeji kifuani, akapanda kwa mkono wa kushoto, na katapila likaondoka. Lilivunja kichuguu cha kwanza, likang'oa visiki, likaenda na kurudi mpaka jua likaelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kila baada ya muda Batuli alitembea kando yake na kugusa radiateri. Ilikuwa moto kama inavyotakiwa. Haikuchemka.

Nusu ya uwanja ilipokuwa tambarare, mzee Abdulhamid alikuja akitabasamu, na komanda nyuma yake na karatasi. Aruna alisimamisha katapila na kuacha injini ikiunguruma.

"Mwanangu, mambo yamekwisha vizuri," mzee alisema. "Tumezungumza na wakubwa. Komanda, msomee."

Komanda alisoma: kwa heshima ya siku ya kujitawala, dereva Aruna bin Asmani amesamehewa kosa lake na anaachiwa huru. Kisha akampa Aruna kalamu.

Batuli alipiga hatua mbele. Kosa lake! Alifungua mdomo.

"Dada, nyamaza," Aruna alisema.

Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. Batuli alinyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko utii.

Aruna alizima injini. Kimya kilichoanguka juu ya uwanja kilimfanya kila mtu ageuke. "Kosa gani?" aliuliza.

"Ni neno tu la karatasi," komanda alisema.

"Kama ni neno tu, lifute."

"Aruna, mwanangu," mzee Abdulhamid alinong'ona, "chukua uhuru wako uende zako. Neno litakudhuru nini?"

"Miaka kumi toka leo mtu atafungua kabati, atasoma kwamba Aruna aliharibu katapila la serikali, akasamehewa. Nani atakuwepo kumwambia habari ya sabuni?" Sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida, lakini kalamu aliirudisha. "Sisaini. Nirudisheni kasho. Alhamisi ni kesho, nitapanda lori. Uwanja mtamaliza na majembe."

Alishuka, akakaa juu ya mnyororo wa katapila, mkono wake mbovu mapajani. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuendesha. Komanda alitazama nusu ya uwanja iliyobaki, akatazama jua. Mzee Abdulhamid alimsihi kijana, akamsihi komanda, akamsihi Mungu. Batuli alisimama kimya, ameuma pindo la kitambaa chake, na hakuna siku nyingine aliyopata kazi ngumu kama hiyo.

Mwishowe komanda aliiweka karatasi juu ya kiti cha dereva, akapiga mistari miwili juu ya maneno, akaandika juu yake: *hana kosa*. Akatia sahihi yake kwanza. Aruna alisoma taratibu, akasaini, akapanda, na Cikuru akazungusha mpini.

"Sasa wewe," komanda alimgeukia Batuli. "Mapipa ya serikali."

"Nilishasema niandike. Na aliyeuza?"

"Lukeba ana wakubwa wake huko kambini. Wao watalitazama."

"Watalitazama," Batuli alirudia.

Walimweka kasho kuanzia Jumatano ile mpaka Jumatatu. Alisikia ngoma za sherehe kupitia dirisha moja, alisikia hotuba, alisikia watoto wa shule wakiimba. Siku alipotoka, jirani zake walimpokea kwa habari zote kwa pamoja: jinsi uwanja ulivyokuwa tambarare kama mkeka, jinsi wakubwa wa Usumbura walivyousifu, jinsi bendera ilivyopanda.

Batuli alikunywa maji kwanza, bakuli zima.

"Na Lukeba," aliuliza, "walimkalisha safu ya ngapi?"

Kulthumu alitazama pembeni. "Ya pili, dada. Chini ya turubai, pamoja na wakubwa."

Kuanzia hapo, kwa miaka mingi, mtu akianza kusimulia siku ile mbele yake, Batuli aliuliza swali hilohilo, na alingoja mpaka ajibiwe.